Muamala na Mfumo Endeshi

Neno muamala si geni katika Kiswahili cha Mrima. Kabla halijaanza kuonekana kwenye kioo cha simu lilikuwa neno la watu wanaojuana, likiwa na maana ya maingiliano yao yote: kuuziana, kukopeshana, kupangishana, hata kutendeana wema. Asili yake ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa amali na amili, maneno yaliyotokana na mzizi mmoja wenye maana ya kutenda. Wanazuoni wa fikihi wamezoea kuyagawa matendo ya mwanadamu mafungu mawili, yaani ibada, ambayo ni baina ya mja na Mola wake, na muamalati, ambayo ni baina ya mja na mja mwenziwe. Katika fungu hili la pili ndimo ilimo biashara, na kwa njia hiyo neno likaingia madukani na bandarini, tangu Pangani na Tongoni mpaka Moa.

Namna Kiswahili kilivyolipokea neno hili yastahili kutazamwa. Mu- iliyo mwanzoni mwake ni sehemu ya umbo la Kiarabu, wala si kiambishi cha ngeli. Lakini sikio la Mswahili liliisikia kuwa ni ile ile mu- ya muhogo, na kwa kuwa wingi wa muhogo ni mihogo, wingi wa muamala ukawa miamala. Hivyo neno likapata upatanisho wa u- na i-, na mtu husema muamala umekwisha, miamala imekwisha. Jambo hili ni dogo, ila litahitajiwa mbele.

Katika miaka ya karibuni neno limetwikwa mzigo mpya. Wataalamu wa kompyuta wamelitumia kutaja wazo lao moja kubwa, na makampuni ya simu yamelieneza hata kwa watu wasiopata kuiona kompyuta. Mzigo huo si mwepesi, maana mashine nyingi zinazofanya miamala leo huendeshwa na mifumo endeshi iliyotungwa kwa kazi za kila namna, nayo mifumo hiyo, kwa asili yake, haijui muamala ni nini. Yafaa jambo hilo lielezwe kwa Kiswahili, kwa sababu pesa zinazopita humo ni za wasemao Kiswahili, na kwa sababu sehemu ya dawa yake imo katika sarufi ya lugha hii yenyewe.

Na uchukuliwe mfano. Mchuuzi wa machungwa wa Muheza anadaiwa shilingi 80,000 na mwenye lori aliyemchukulia mzigo mpaka Tanga mjini. Hana haja ya kusafiri. Hubonyeza simu yake, akaandika namba ya mdai wake, kiasi cha pesa na namba ya siri. Kwa macho ya mchuuzi jambo lililotendeka ni moja tu: amelipa. Lakini ndani ya mashine ni mambo manne au matano. Salio la mchuuzi hupunguzwa. Salio la mwenye lori huongezwa. Ada hukatwa na kuingizwa katika hesabu ya kampuni. Kodi iliyomo huandikwa mahali pake. Na mwisho watu wawili hupelekewa ujumbe. Mashine huyatenda haya kwa upesi usiokadirika, lakini huyatenda moja baada ya moja. Sasa umeme ukikatika baada ya lile la kwanza na kabla ya lile la pili, shilingi 80,000 zitakuwa zimetoka Muheza wala hazikufika Tanga. Zitakuwa kama jahazi lililotweka likaenda Wete, likawa halikuonekana Wete wala halikurudi.

Kwa hiyo muamala, kwa maana ya wataalamu, ni fungu la matendo ambalo ama hutimia lote ama huhesabiwa kwamba halikuanza kamwe. Nusu yake haikubaliwi. Zaidi ya hayo, hesabu zote ziwe sawa baada yake kama zilivyokuwa sawa kabla yake. Miamala miwili inayokwenda pamoja isichanganyikiwe. Na muamala ukisha kuthibitishwa, uthibitike hata mashine ikizimika dakika ile ile. Mmarekani Jim Gray, aliyelieleza wazo hili kwa ufasaha kuliko wengi, na ambaye alipotea na mashua yake baharini nje ya San Francisco mwaka 2007, aliandika mwaka 1981 kwamba chimbuko la wazo lenyewe ni sheria ya mikataba. Msomaji aliyepata kusikia habari za ijabu na kabuli hatastaajabu. Mwuzaji akisema nimekuuzia, na mnunuzi asiseme nimekubali, hapana nusu ya mauzo iliyofanyika, hapana mauzo. Fundi wa kompyuta na mwanachuoni wa fikihi wamefika mahali pamoja kwa njia mbalimbali, na aliyelichagua neno muamala kwa jambo hili hakukosea.

Wala watu wa Tanga hawakuhitaji kompyuta ili kuijua kanuni ya yote au hapana. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na inasimuliwa kwamba katika miche elfu iliyoagizwa kutoka Florida ni 62 tu iliyosalimika. Mashamba yaliyozaliwa na miche hiyo yaliandikisha kazi kwa kipande. Kipande hiki si kile cha Kenya, ambacho kilikuwa hati ya utambulisho iliyovaliwa shingoni. Kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Mkata mkonge aliyemaliza kazi yake ya siku alitiwa alama. Siku ambayo kazi haikutimia haikutiwa alama, na mshahara ulingoja kadi ijae. Kwa mwenye daftari hesabu ilikuwa safi sana. Lakini hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Muamala wa mashine ukikatika katikati, kila kilichochukuliwa hurudishwa kwa mwenyewe; jasho la mtu aliyepungukiwa na matita machache jioni halikurudishwa. Kanuni ya yote au hapana ni haki pale tu ambapo hapana ni hapana kwa pande zote mbili.

Sasa mfumo endeshi. Huu ni programu iliyo juu ya mashine na chini ya programu nyingine zote. Kazi yake yafanana na ya msimamizi wa bandari: huamua chombo kipi kifunge wapi, nani apakue kwanza na nani angoje, ghala ipi ina nafasi. Mfumo wa matumizi ya jumla hufanya hivyo kwa wote bila ya kuuliza. Mmoja anaandika barua, mwingine anatazama picha, wa tatu anahesabu ushuru, na msimamizi huwatumikia wote kwa kadiri. Lakini msimamizi wa bandari hajui kwamba gunia hili ni malipo ya gunia lile. Hilo si kosa lake. Hakuwekwa kwa kazi hiyo.

Ubaya huonekana katika jambo moja ambalo Tanga yenyewe yaweza kulieleza kuliko bandari nyingi. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga ghubani, mbali na gati, na mzigo ukachukuliwa kwa matishari, mpaka kazi ya kuchimba kina na kuimarisha gati iliyoanza mwaka 2019 ilipobadili hali hiyo. Katika siku za matishari mzigo ulikuwa na hali tatu. Ulikuwa ghalani, au melini, au tisharini. Karani wa ghala alisema umetoka. Karani wa meli alisema haujapanda. Na wote wawili walisema kweli. Mfumo endeshi nao una tishari lake, nalo ni kumbukumbu ya muda, ambayo huwa tupu mara umeme ukikatika. Programu ikisema hifadhi, mfumo hupokea maandishi, huyaweka tisharini, na papo hapo hujibu kwamba yamehifadhiwa. Huyapeleka diskini baadaye; desturi ya UNIX ya zamani ilikuwa kuyapeleka kila baada ya sekunde 30. Sababu ni nzuri: diski ni nzito, na mwandishi wa barua hatadhurika sana akipoteza mstari mmoja. Lakini mwenye lori wa Tanga hawezi kuambiwa amelipwa ilhali malipo yake yangali tisharini. Tena matishari hayafiki kwa zamu. Lililoondoka la pili laweza kufika la kwanza, na mashine ikizimika hapo, diski itabaki na tendo la nyuma pasipo la mbele.

Kwa sababu hizo wafanyabiashara wakubwa hawakuuamini mfumo wa jumla kwa muda mrefu. Shirika la ndege la American Airlines na kampuni ya IBM waliunda SABRE, mtambo wa kuweka nafasi za abiria uliokamilika mwaka 1964 kwa kompyuta mbili za IBM 7090, na katika kazi za namna hiyo ukatoka mfumo endeshi usiojua jambo jingine ila miamala, ambao tangu mwaka 1979 uliitwa TPF. Mwaka ule ule wa 1964 IBM ilitangaza mfumo wa OS/360, namba 360 ikiashiria nyuzi zote za duara, yaani mfumo wa kazi zote. Lakini hata huo haukutosha peke yake, na mwaka 1969 ikatolewa programu ya CICS ili ikae juu yake na kuangalia miamala.

UNIX nayo ilianza mwaka 1969, katika maabara ya Bell, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Ilitungwa na watunga programu kwa ajili ya watunga programu. Ilipendwa katika vyuo vikuu kwa kuwa ilikuwa nyepesi na ya bei ndogo, na huko Berkeley, California, Michael Stonebraker na wenzake wakajenga juu yake daftari la kielektroniki, yaani hifadhidata, waliloliita INGRES. Mwaka 1981 Stonebraker alichapisha makala ya malalamiko ambayo mpaka leo yasomwa kwa faida. Alisema kwamba mfumo endeshi huchagua maandishi ya kutupa katika kumbukumbu ya muda pasipo kujua ni yapi yatahitajiwa. Kwamba hauruhusu programu kuamuru lipi liandikwe kabla ya lipi. Na kwamba waweza kuisimamisha programu wakati imeshika kufuli ambalo wengine wote wanalingoja. Hili la mwisho ni kama karani mwenye ufunguo wa ghala kutumwa sokoni huku wachukuzi wamesimama na magunia vichwani.

Dawa iliyopatikana si mpya, na mwenye duka yeyote wa pwani aliyefundishwa hesabu na wazee wake ataitambua. Luca Pacioli, aliyechapisha kanuni za hesabu maradufu huko Venezia mwaka 1494, alitaka mfanyabiashara awe na vitabu vitatu: cha kumbukumbu ya papo kwa papo, cha jarida, na leja. Jambo huandikwa kwanza katika kitabu cha mbele, kwa mpango wa wakati, ndipo likahamishiwa leja kwa nafasi. Hifadhidata hufanya hivyo hivyo. Kabla haijagusa salio la mtu yeyote, huandika katika daftari la mbele kwamba yataka kupunguza hapa na kuongeza pale. Huhakikisha kwamba maandishi hayo yamefika diskini. Huandika neno la kufunga. Na baada ya hapo ndipo yaweza kumwambia mteja kwamba amelipa. Salio lenyewe laweza kubadilishwa diskini hata baadaye. Umeme ukikatika na kurudi, programu husoma daftari lake tangu mahali salama. Kila jambo lililofungwa hutendwa upya ikiwa halikutendwa. Kila jambo lisilofungwa huondolewa. Mkoa wa Tanga una mitambo yake ya umeme katika Mto Pangani, ya Hale tangu 1964 na ya Pangani mpya tangu 1995, lakini hapana mwenye duka atakayedai kwamba hajapata kukaa gizani. Kanuni ya kuandika kabla ya kutenda ni kanuni ya watu wanaojua kwamba giza litakuja.

Dawa hii, hata hivyo, yategemea neno moja la kweli kutoka kwa mfumo endeshi. Programu yaweza kuuliza swali maalumu: je, maandishi haya yamefika diskini, au yangali tisharini? Na mfumo ujibu kweli. Mwaka 2018 waangalizi wa PostgreSQL, hifadhidata yenye asili katika kazi za Stonebraker yule yule, waligundua kwamba jibu hilo halikuwa kama walivyodhani kwa miaka mingi. Katika Linux, diski iliposhindwa kuandika, mfumo ulijibu mara moja kwamba pana hitilafu, kisha ukayahesabu maandishi yale kuwa yamekwisha shughulikiwa. Programu iliporudi kuuliza mara ya pili, iliambiwa kwamba mambo ni shwari. Kila upande ulikuwa na hoja yake, na mabishano yalikuwa marefu. Marekebisho yaliyotolewa Februari 2019 yaliamuru kwamba programu ikiambiwa hitilafu mara moja, isiulize tena. Ijizime, iamke, na isome daftari lake la mbele upya. Yafaa kukumbukwa kwamba kosa hili liliweza kuonekana kwa sababu maandishi ya pande zote mbili yako wazi kwa kila mtu kuyasoma. Katika mfumo uliofungwa lingeweza kukaa miaka mingine mingi.

Basi kwa nini biashara ya dunia ilihamia kwenye mifumo ya jumla, ikiwa ina dosari hizi? Bei ni sababu ya kwanza, na wingi wa watu wanaoijua ni ya pili. Soko la hisa la London ni mfano unaotajwa mara nyingi. Mtambo wake wa awali, uliokuwa juu ya Windows, ulisimama kwa saa nyingi tarehe 8 Septemba 2008. Mwezi Februari 2011 soko likahamia mtambo uliotungwa Sri Lanka na kampuni ya MillenniumIT, unaotumia Linux. Wapenzi wa Linux hupenda kuishia hapo. Lakini mtambo mpya nao ulisimama mwezi ule ule wa Februari, na haifai kuutwika mfumo endeshi peke yake lawama au sifa ya jengo zima. Sababu ya pili ndiyo yenye uzito kwa Afrika Mashariki. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Helsinki mwaka 1991, haidai ada ya leseni, na kijana wa Tanga mwenye kompyuta kuukuu aweza kuifungua na kuona jinsi inavyofanya kazi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kililiona hilo mapema. Kwa mradi wa Kilinux kilitoa Desemba 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice, na maneno kama hifadhi na faili yakapata makazi. Hapo lugha ilianza kuingia ndani ya mashine, ingawa kwa mlango wa barua na majedwali, si kwa mlango wa pesa.

Mlango wa pesa ulifunguliwa na simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na katika miaka iliyofuata wakala wa simu akawa mtu wa kila mtaa, katika barabara zenye namba za Ngamiani kama katika mnada wa Korogwe. Simu nyingi za kisasa zilizo mikononi mwa mawakala ni za Android, ambayo kiini chake ni Linux. Wateja wengi bado hutumia simu ndogo na kubonyeza nyota, namba na reli. Njia hii ya nyota na reli ni mazungumzo ya muda mfupi: mtandao ukiyumba, mazungumzo hukatika na simu haina kumbukumbu yake. Mchuuzi wa Muheza aliyekwisha kutia namba ya siri, kisha kioo kikawa kitupu, hajui kama agizo lilikatika likienda au jibu lilikatika likirudi. Gray alilieleza tatizo hili mwaka 1978 kwa mfano wa majemadari wawili wanaotumiana wajumbe katika bonde lenye adui: hapana idadi ya wajumbe itakayowapa wote wawili yakini kamili. Tangu mitandao ya Tanzania ilipoanza kupokeana pesa kati ya 2014 na 2016, na sasa Benki Kuu ikiwa na mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, madaftari yanayopaswa kukubaliana ni mawili au matatu, na mahali pa kukatikia ni pengi zaidi.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Kati ya kutimia na kutotimia pana hali ya tatu, ya kutojulikana bado, na mteja anahitaji kuambiwa kwa maneno dhahiri yumo katika hali gani. Kiswahili kina utajiri ambao lugha nyingi zinazotafsiriwa humo hazina. Kukanusha kwake kuna milango miwili. Muamala haujathibitishwa maana yake haujafika, nao waweza kufika. Mlango uko wazi. Muamala haukuthibitishwa maana yake jambo limepita na halikuwa, mlango umefungwa. Mtoto wa miaka minne hakosei katika hili: haujaiva na haukuiva si maneno mamoja kwake anapotazama embe. Lakini mfasiri aliyepewa orodha ya jumbe za mashine, bila ya kuambiwa kila ujumbe hutolewa wakati gani, atachagua -ja- au -ku- kama mtu arushaye sarafu.

Madhara yake yaweza kuhesabiwa kwa shilingi. Kioo kikisema haujakamilika, ilhali daftari limekwisha ondoa muamala, mchuuzi atangoja, na mwenye lori atangoja pamoja naye, na lori halitakwenda. Kioo kikisema haukukamilika, ilhali muamala ungali njiani baina ya mitandao miwili, mchuuzi mwaminifu atatuma tena, na baada ya saa moja atakuwa amelipa shilingi 160,000. Hapana mfumo endeshi uliokosea hapo, wala hifadhidata. Kilichokosea ni silabi moja.

Jozi nyingine inayohitaji ulinzi ni kubatilisha na kurejesha. Muamala ambao haujafungwa waweza kubatilishwa, nao ukibatilishwa ni kana kwamba haukuwapo. Muamala uliothibitishwa haubatiliki tena. Mpokeaji huenda amekwisha zitoa pesa kwa wakala na kununua dizeli. Linalowezekana ni kurejesha, ambako ni muamala mpya wa upande wa pili, wenye namba yake na tarehe yake, na ambao nao waweza kushindikana. Makarani wa zamani walilijua hili vizuri. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alianza kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, na katika madaftari ya forodha ya wakati ule kosa halikufutwa kwa kisu. Liliandikiwa ingizo la kulisahihisha, na yote mawili yakabaki yaonekane. Tangazo linalomwambia mteja kwamba muamala wake utabatilishwa, ilhali kinachokusudiwa ni kuombwa kwa mpokeaji ruhusa ya kurejesha, linamwahidi kitu ambacho mashine haina uwezo nacho.

Neno la kufunga lenyewe nalo limezua jambo la kupendeza. Ujumbe wa M-Pesa ya Tanzania umezoeleka kwa neno Imethibitishwa. Muamala, kama ilivyoonekana, hutaka u-, na ingepasa kuwa umethibitishwa. Pesa nyingi hutaka zi-. I- hii si ya muamala wala si ya shilingi. Pengine ni ile i- isiyo na mwenyewe, kama katika imesemwa na imeandikwa, nayo yaufanya uthibitisho usikike kama hukumu isiyo na hakimu. Wasemaji wa mitaani hawakuridhika nayo wakatunga yao. Huko Ngamiani, kama Dar es Salaam, mtu aliyetumiwa pesa huulizwa, je, muamala umesoma? Mita ya maji husoma, mizani husoma, na sasa muamala nao husoma, yaani umeonekana katika salio la mpokeaji. Wapo watakaolikataa neno hili kwa kuwa ni la vijana. Lakini lapita istilahi nyingi za vitabuni kwa usahihi, maana halisemi kwamba pesa zimetumwa, jambo ambalo mtumaji peke yake alijua. Lasema kwamba zimeandikwa upande wa pili. Na kwa kuwa ni kitenzi cha Kiswahili, laukubali mlango wote miwili bila ya kufundishwa: dakika tano baada ya kutuma, mwenye lori husema haujasoma, kesho yake asubuhi, akiwa amekwisha kuuliza kwa wakala, husema haukusoma.